Angella Okutoyi: alibeba Wimbledon, akabeba dhahabu ya Afrika, lakini Olimpiki hakwenda. Ilikuwaje?

Kama humfahamu, jina lake ni Angella Okutoyi, Mkenya, amezaliwa Januari 29, 2004. Ndiye Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam kwenye tenisi, ngazi yoyote ile. Hiyo ilikuwa Julai 2022, Wimbledon, London. Machi 2024 akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika pale Accra, dhahabu ambayo kwa kawaida inafungua mlango wa Olimpiki.

Olimpiki ya Paris ikaja, ikapita. Okutoyi hakucheza.

Habari yenyewe iko hapo katikati, ndiyo maana hii imekuwa ndefu kidogo kuliko tulivyozoea. Kila akishinda kitu, mitandao inajaa bendera na "historia imeandikwa". Baada ya siku mbili, kimya. Lakini ukitaka kuelewa inakuwaje bingwa wa Afrika nzima anabaki nje ya Olimpiki, lazima uelewe hesabu za tenisi. Tutafika huko. Tuanze mwanzo.

Mtoto wa Loresho

Okutoyi ni pacha. Mama yao alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, na mabinti wote wawili wakalelewa na bibi yao, mzaa mama. Bibi alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya watoto huko Loresho, Nairobi, na hapo ndipo walipokulia.

Tenisi iliingiaje? Kupitia mjomba. Mjomba wao ni kocha wa tenisi, akawapa raketi wakiwa wadogo kabisa, Angella akiwa na miaka minne hivi. Pacha mwenzake naye amecheza.

Hapa watu wengi huandika kama hadithi ya miujiza: yatima, raketi, Wimbledon. Mimi nasema tuangalie vizuri. Huyu mtoto alikuwa na vitu viwili ambavyo watoto wengi wa mjini hawana: mtu mzima nyumbani anayeujua mchezo, na njia ya kufika uwanjani bila kuwa mwanachama wa klabu. Tenisi kwa ukanda wetu ni mchezo wa klabu. Hata hapa Dar, Gymkhana haiko mbali na Mnazi Mmoja, unaweza kwenda kwa miguu. Ila kutembea mpaka getini na kuingia ndani kucheza ni safari mbili tofauti.

Linganisha na mpira wa vinyoya, yaani badminton. Raketi mbili na kile kimpira cha manyoya unavipata kwenye maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo, mnafunga kamba kati ya nguzo mbili uani, jioni mnacheza. Tenisi haikubali hivyo. Inataka sakafu yake, wavu wake, mipira inayochakaa haraka, na mtu wa kukurekebisha mkono kabla haujazoea vibaya.

Bujumbura, kisha Casablanca

Akiwa na miaka kama 10, Okutoyi alipata nafasi kwenye kituo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, kilichokuwa Bujumbura, Burundi. Ndiyo, Bujumbura. Kwa miaka ile, mtoto wa Afrika Mashariki mwenye kipaji cha tenisi alikuwa anapelekwa Burundi. Mrundi Sada Nahimana, ambaye naye alifika kucheza Grand Slam za vijana na baadaye mzunguko wa kulipwa, ni zao la mfumo huohuo.

Baadaye Okutoyi akahamia kituo cha ITF cha Casablanca, Morocco. Vituo hivi vinafanya kazi kama shule ya bweni: mazoezi asubuhi, masomo, mazoezi tena jioni, na safari za mashindano kwa kundi chini ya kocha mmoja. Sehemu ya gharama hubebwa na mfuko unaochangiwa na Grand Slam zote nne, kwa ajili ya wachezaji wa nchi ambazo tenisi yake haina fedha. Bila mfuko huo, jina la Okutoyi lingeishia kwenye mashindano ya wazi ya Nairobi.

Mwaka 2021 akashinda ubingwa wa vijana wa Afrika uliofanyika Tunisia. Ubingwa huo ndio uliompa nafasi ya kucheza Australian Open ya vijana, Januari 2022.

Melbourne, Januari 2022

Zilikuwa zimebaki siku chache atimize miaka 18. Raundi ya kwanza akapangwa na Muitaliano Federica Urgesi. Seti ya kwanza akashinda 6-4. Ya pili akaipoteza kwenye taibreka. Ya tatu akachukua 6-3.

Akawa binti wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Mechi iliyofuata akamtoa mwenyeji, Zara Larke wa Australia. Safari ikaishia raundi ya tatu, lakini tayari Kenya nzima ilikuwa inajifunza jina lake, pamoja na watu ambao hawakuwahi kukaa kuangalia seti moja ya tenisi mpaka mwisho.

Kumbuka kitu kimoja kuhusu Melbourne ya mwaka huo, maana kitarudi huko chini. Fainali ya wanawake wakubwa, Mmarekani Danielle Collins alifungwa na Ashleigh Barty. Collins hakupita njia ya kawaida ya kuacha shule ukiwa na miaka 15 ili uzunguke dunia. Alitokea tenisi ya chuo, Chuo Kikuu cha Virginia.

Wimbledon: pointi mbili tu

Kwenye tenisi unahesabika kijana mpaka mwisho wa mwaka unaotimiza 18. Kwa Okutoyi maana yake 2022 ulikuwa mwaka wa mwisho, na Wimbledon ya Julai ilikuwa nafasi yake ya mwisho kwenye nyasi zile akiwa kijana. Hakuna "mwakani tutajipanga".

Aliingia wawili wawili na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Wakapenya mpaka fainali, na upande wa pili wakasimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa na miaka 15 tu. Wazazi wake ni watu wa Kongo, kwa hiyo uwanjani siku ile damu ya Afrika ilikuwa pande zote mbili za wavu.

Seti ya kwanza Wakanada 6-3. Ya pili Okutoyi na Nijkamp 6-4. Hapo wanakwenda kwenye taibreka ndefu badala ya seti ya tatu: wa kwanza kufika pointi 10 anashinda, ila lazima apishane na mwenzake kwa pointi mbili. Ikafika 9-9. Kwenye 9-9, aliyecheza kwa miaka kumi na anayecheza kwa mara ya kwanza wanatetemeka sawasawa.

Ikaisha 11-9. Taji likaenda kwa Okutoyi na Nijkamp.

Wikiendi hiyohiyo, pale pale Wimbledon, Mtunisia Ons Jabeur alicheza fainali ya wanawake dhidi ya Elena Rybakina. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika katika zama za tenisi ya kulipwa kufika fainali ya Grand Slam mmoja mmoja. Akashinda seti ya kwanza, akapoteza mbili zilizofuata. Ukiondoa Afrika Kusini, sikumbuki wikiendi ya tenisi iliyokuwa ya Kiafrika kiasi kile.

Halafu ikaja bili

Sasa tufungue kikokotoo.

Taji la vijana la Wimbledon halikupi hata pointi moja kwenye orodha ya WTA, ile ya wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa. Linakupa heshima, linakupa jina, wadhamini wanaweza kupiga simu. Lakini ukiingia kwenye tenisi ya wakubwa unaanzia chini kama kila mtu.

Chini ni wapi? Kuna ngazi ya mashindano inaitwa W15. Hiyo 15 inatokana na dola 15,000, ambazo ndizo zawadi ya mashindano yote, wachezaji wote wakagawane. Bingwa anaondoka na zaidi kidogo ya dola 2,000. Aliyefungwa mechi ya kwanza anapata dola mia na kitu, ambazo hazitoshi hata hoteli ya siku tatu. Juu yake kuna W35, W50, W75 na W100. Ndipo unaanza kusogelea mashindano ya WTA yenyewe.

Pointi nazo ni hivyohivyo. Ukibeba W15 unapata 15. Ukibeba W35, 35. Bingwa wa Grand Slam wa wakubwa anapata 2,000. Na angalia hii: mchezaji aliyeingia droo kuu ya Grand Slam akafungwa mechi ya kwanza, anapata 10. Yaani mmoja kafungwa mara moja Wimbledon, mwenzake kashinda mechi tano mfululizo kwenye joto la Tunisia, na tofauti yao ni pointi 5.

Halafu pointi zinaoza. Kila moja inaishi wiki 52, kisha inafutwa. Ukiumia miezi sita unakaa nyumbani unaangalia nafasi yako inavyoporomoka.

Kwa mchezaji wa Ulaya hii sio shida kubwa. Anapanda treni Jumapili, anacheza, Jumapili nyingine yuko mji mwingine. Kwa mchezaji wa Nairobi, Dar au Kampala, W15 nyingi ziko Monastir ya Tunisia, Sharm El Sheikh ya Misri au Antalya ya Uturuki, ambako zinachezwa karibu kila wiki. Tiketi ya ndege peke yake inaweza kula zawadi ya ubingwa. Bado viza, bado kocha, bado kusuka raketi nyuzi. Wengi wanasafiri bila kocha kabisa, kila kitu wanafanya wenyewe.

Nairobi imewahi kuandaa mashindano ya W25 na W35, na hiyo ni afadhali kubwa, maana kwa wiki mbili mgeni ndiye anapanda ndege na wewe unalala kwenu. Lakini wiki mbili kati ya 52 hazijengi nafasi ya juu.

Ndiyo maana Wakenya bado wanamtaja Paul Wekesa. Enzi zake, aliwahi kufika nafasi ya 100 duniani mmoja mmoja na akabeba mataji ya wawili wawili kwenye mzunguko wa ATP.

Kwa nini alienda chuo

Mapema 2024 Okutoyi akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, kucheza tenisi ya chuo huku akisoma.

Kuna waliolalamika: bingwa wa Wimbledon anaenda kukaa darasani? Mimi naona ilikuwa hesabu safi. Chuo kikubwa cha Marekani kinampa mchezaji kocha, gym, daktari wa viungo, mipira mipya, safari za mechi na chakula. Nje ya chuo, kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake kwa dola. Timu ya Auburn inacheza kwenye ligi ya SEC, ambayo ni moja ya ligi ngumu kabisa za michezo ya vyuo. Mabinti anaokutana nao huko wengi walikuwa vijana bora wa nchi zao, kutoka mabara yote.

Danielle Collins tuliyemtaja juu alipita hapo. Emma Navarro, aliyefika nusu fainali ya US Open 2024, alipita Virginia pia. Kwa wanaume, Cameron Norrie na Ben Shelton wametoka vyuoni. Sio njia ya walioshindwa, kama baadhi ya mashabiki wanavyodhani.

Ila ina gharama yake. Mechi za chuo hazina pointi za WTA. Msimu wenyewe unakula miezi ya mwanzo wa mwaka, Januari mpaka Mei. Katika miezi hiyo, wenzako wanachuma pointi na wewe unachezea chuo. Na mwaka 2024, miezi hiyo ndiyo ilikuwa miezi ya kuitafuta Paris.

Accra, na namba 400

Michezo ya 13 ya Afrika ilifanyika Accra, Ghana, Machi 2024. Okutoyi alikwenda kuiwakilisha Kenya. Kwenye tenisi ya wanawake Afrika, ukitaka dhahabu lazima upite kwa Wamisri. Fainali akakutana na mmoja wao, Lamis Alhussein Abdel Aziz, akamfunga. Dhahabu.

Sasa soma vizuri hapa, maana hapa ndipo mashabiki wengi walipochanganyikiwa. Bingwa wa mmoja mmoja wa Michezo ya Afrika alitengewa nafasi moja ya Olimpiki ya Paris. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti: kufikia orodha ya Juni 10, 2024, mchezaji awe ndani ya 400 bora duniani. Dhahabu bila namba ilikuwa haitoshi.

Okutoyi alikuwa nje ya 400. Kutoka Accra mpaka Juni 10 kulikuwa na kama wiki kumi na moja. Katika wiki hizo alitakiwa apate mashindano, aingie droo, ashinde mechi nyingi mfululizo, huku pointi za mwaka uliotangulia nazo zikiendelea kufutwa. Haikuwezekana.

Sharti hilo lina maana? Kwa upande wa waandaaji, lina maana. Wanataka Olimpiki iwe na wachezaji wa kiwango fulani, asije mtu akafungwa 6-0, 6-0 kwa dakika arobaini. Lakini tumeshaona jinsi namba inavyopatikana. Namba 400 inapima uwezo wa kucheza, sawa. Inapima pia ni mara ngapi uliweza kupanda ndege. Mtu aliyewafunga wote waliokuja Accra akaambiwa bado hajathibitisha, na mahali pa kuthibitishia ni Antalya.

Michezo mingine imelishughulikia hili kwa namna yake. Kwenye badminton, kwa mfano, Mganda Edwin Ekiring alicheza Olimpiki mbili, Beijing 2008 na London 2012, kwa sababu mchezo huo una utaratibu wa kuhakikisha kila bara linawakilishwa. Hakurudi na medali, lakini Uganda ikawa na mtu wa kumtazama.

Na yule wa upande wa pili wa wavu?

Victoria Mboko, aliyefungwa 11-9 ile siku ya Wimbledon, alibaki kwenye mfumo wa tenisi wa Kanada. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alipewa nafasi ya upendeleo kwenye mashindano makubwa ya nyumbani kwao, Montreal. Fainali akamfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 na kubeba taji la WTA la ngazi ya 1000. Wiki chache baadaye alikuwa anatajwa kati ya wachezaji bora duniani.

Sisemi Okutoyi na Mboko wana kipaji sawa. Pointi mbili za taibreka ya vijana, tena ya wawili wawili, haziwezi kukwambia hilo. Ninachosema ni kwamba mmoja ana shirikisho lenye fedha, viwanja vya ndani vya kuchezea wakati wa theluji, na mashindano makubwa nyumbani yanayoweza kumpa nafasi akiwa bado mdogo. Mwingine alilazimika kuchagua kati ya chuo na Monastir.

Ukitaka kumfuatilia

Orodha ya WTA hutoka siku za Jumatatu. Tafuta herufi KEN, usitazame 100 za juu tu, shuka chini. Ukiona namba inapungua ujue anapanda. Ukiona mechi zake hazipo kabisa mwanzoni mwa mwaka, usikimbilie kuandika ameumia. Angalia kwanza ratiba ya msimu wa vyuo Marekani.

Michezo ijayo ya Afrika imepangwa Cairo mwaka 2027, kwa hao hao Wamisri. Olimpiki inayofuata ni Los Angeles, Julai 2028. Okutoyi atakuwa na miaka 24.